Ukiona Maua Yamechuja, Pima Macho Kwanza

Je, picha ya maua iliyotundikwa sebuleni kwako bado inakuchangamsha kama siku ulipoinunua?

Mama mmoja mzee kutoka Hadado, Wajir, alinijia akilalamikia magoti. Ukutani palikuwa na picha ya rangi za maji ya waridi la jangwani, ua linalochanua kwao hata mti ukiwa hauna jani. Aliitazama, kisha akamwambia mwanawe kwamba mchoraji hajawahi kuliona ua hilo. Mbona amelipaka rangi ya vumbi? Nikayaacha magoti, nikachukua tochi. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho.

Katika rangi za maji, mwangaza wa picha hutoka kwenye weupe wa karatasi. Joy Adamson, yule wa simba Elsa, alichora mamia ya maua ya Kenya kwa rangi hizo, na mwaka 1947 akatunukiwa medali ya dhahabu ya Grenfell huko Uingereza. Rangi hupakwa nyepesi, kwa hiyo ukungu kidogo tu machoni huizima. Mtoto wa jicho huifanya lenzi iwe na umanjano, na buluu na zambarau ndizo hupotea mapema. Claude Monet, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, alipatwa na maradhi hayo. Michoro yake ikageuka hudhurungi na wekundu mzito hadi alipopasuliwa mwaka 1923.

Na kama macho ni mazima, lakini maua hayakuambii kitu? Hapo chunguza moyo. Mwaka 2010 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walionyesha kwamba retina za wagonjwa wa sonona huitikia kwa udhaifu tofauti ya weusi na weupe. Kwa hiyo mgonjwa anayesema dunia imekuwa ya kijivu usimcheke. Ikiwa kwa majuma mawili hufurahii chochote, usingizi umevurugika na chakula hakipiti, mwone daktari. Picha ya maua, hata iwe nzuri vipi, si dawa ya sonona.

Mama yule alirudi baada ya jicho la kwanza kupasuliwa. Alifunika la pili kwa kiganja, akaikazia macho picha. Akasema ua sasa ni lenyewe, ila shina limechorwa jembamba mno.