KUTISHWA KUNA UTAMU GANI?

Sijui kabila lisilo na zimwi lake. Usukumani zimwi hilo huitwa Shing'weng'we, na watoto huzijua habari zake kabla hawajajua kuandika majina yao. Husimuliwa kwamba dude hilo lilimeza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao, asisalie ila mwanamke mmoja mwenye mimba aliyejificha katika rundo la makapi. Mwanamke huyo akazaa mtoto wa kiume, ndiye Masala Kulangwa, yaani mwenye akili. Mtoto alipokua akauliza, “Mama, watu wengine wako wapi?” Alipoambiwa, akatoka kumtafuta adui. Akaua panzi, akarudi mbio: “Mama, ndiye huyu?” Siye. Akaua ndege; siye. Akaua swala, siye. Mwisho akakutana na Shing'weng'we mwenyewe, akamuua, akampasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima. Makatekista na mapadre wa Usukuma wameitumia hadithi hii kumweleza Kristu, aliyewatoa watu katika tumbo la mauti.

Lakini leo sitaki kueleza maana ya hadithi. Nataka tuwatazame wanaoisikiliza. Bibi anaposema, “Shing'weng'we akaja, nchi ikatetemeka,” mtoto mmoja hujisogeza karibu naye, macho yamemtoka, asema, “Ehe, bibi, halafu?” Nduguye, waliyezaliwa tumbo moja, wakala chungu kimoja, anajifunika kanga ya mama na kuziba masikio. Hata wakikua mambo huwa yale yale: mmoja atatafuta riwaya za mizimu na maiti, mwingine akipewa hufungua kurasa mbili akakirudisha kitabu. Nini kimewatenga?

Swali hili ni la zamani sana, na aliyelichunguza vizuri kuliko wengi ni Mwafrika na Mtakatifu. Agostino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa Askofu wa Hippo. Katika kitabu chake kiitwacho Maungamo anashangaa: mtu apata raha gani kutazama maiti iliyoraruliwa? Hata hivyo ikilala mahali fulani, watu wataikimbilia. Watasikitika, rangi itawapotea usoni, na usiku wataogopa wasije wakaiota; lakini walikwenda kwa miguu yao wenyewe, hakuna aliyewalazimisha. Ajali ikitokea barabarani leo, je, si hivyo hivyo?

Tena anatusimulia habari za rafiki yake Alipio, ambaye baadaye alikuwa Askofu na Mtakatifu vilevile. Alipio alipokuwa kijana huko Roma alichukia michezo ya watu kuuana mbele ya umati. Siku moja wenzake wakamshika, wakamvuta hata uwanjani. Akawaambia kwamba mwili wake wanaweza kuuketisha pale, lakini macho na moyo hawatavipata. Akafumba macho. Lo, laiti angeziba na masikio! Mtu mmoja alipoanguka, umati ukapiga kelele, naye akafumbua macho mara moja tu, ili aone na kudharau. Asiweze kuyafumba tena. Akapiga kelele pamoja nao, na siku nyingine alikuwa yeye wa kuwavuta wengine.

Naipenda habari hii kwa sababu inatuonya tusiwe wepesi kusema kwamba mtu akwepaye mambo ya kutisha ni mwoga. Huenda anaijua nafsi yake. Lakini tuangalie: Alipio aliona damu ya kweli. Je, aliyeketi nyumbani na kitabu mkononi, akisoma habari za mtu asiyekuwapo, naye ni sawa na Alipio? Mwanafalsafa Aristotele wa Ugiriki, zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Kristu kuzaliwa, alikwisha kuona tofauti. Alisema kwamba vitu tunavyovichukia tukiviona wenyewe, kama maiti, tunaweza kuvifurahia vikiwa katika picha tu.

Hapo ndipo penye siri. Wafugaji mtanielewa. Usiku mmelala, ua wa minyaa umefungwa sawasawa, mlango umekazwa, na fisi analia nje. Watoto wanasisimka, wanacheka, wanamwigiza. Sasa mlio uleule usikie ukiwa peke yako njiani, taa imezimika. Fisi ni yuleyule, ila ua haupo. Hadithi ya kutisha ni fisi aliaye nje ya ua. Anayejua kwamba ua wake ni imara ataufurahia mlio; asiye na ua, au ambaye wake una tundu, hawezi kufurahi, wala si haki kumcheka.

Wataalamu wa siku hizi wamechunguza jambo hili mwilini. Mtu anaposhtuka, vijitezi vilivyo juu ya mafigo humwaga dawa iitwayo adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, pumzi huongezeka, misuli hukaza. Mwili umejitayarisha kupigana au kukimbia. Lakini msomaji yuko kitini, hana wa kupigana naye. Hadithi ikifika mahali pa salama, msisimko ule haupotei papo hapo. Hugeuka kuwa furaha, na furaha yenyewe huwa kubwa kuliko ya kawaida. Aliyeeleza hivyo ni Dolf Zillmann, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyefundisha Marekani. Ndiyo maana watoto hupiga yowe halafu wakacheka mpaka machozi.

Mwenzake, Marvin Zuckerman, mwaka 1964 alitunga maswali ya kupima jinsi mtu anavyopenda misisimko. Aliona kwamba wako watu ambao maisha ya utulivu huwachosha upesi, hutafuta mambo mapya na ya hatari. Na wako ambao msisimko mdogo tu huwatosha siku nzima. Si wema wala ubaya. Ni maumbile, kama vile mmoja anavyokula ugali kwa pilipili tatu na mwingine akilamba moja tu hutafuta maji.

Na mfano wa pilipili si mzaha. Katika mji wa Vejle, nchi ya Denmark, wataalamu waliwafunga watu 110 vyombo vya kupima mapigo ya moyo, wakawaingiza katika nyumba iliyotengenezwa makusudi kwa kutisha wageni wanaolipa kiingilio. (Ndiyo, wako watu wanaolipa fedha ili watishwe!) Matokeo yakatangazwa mwaka 2020: walioogopa kidogo mno hawakufurahi, na walioogopa mno hawakufurahi pia. Furaha ilikuwa katikati. Kila mtu ana kipimo chake, na mwenzako hawezi kukupimia.

Wengine hupenda hofu kwa ajili ya wenzi waliokaa nao. Zillmann na wenzake mwaka 1986 waliwaonyesha vijana filamu ya kutisha, wakaona kwamba mvulana huifurahia zaidi akiwa na msichana anayeogopa, na msichana huifurahia zaidi akiwa na mvulana asiyeonyesha woga. Wazazi wenye mabinti wanaoomba ruhusa kwenda kwenye banda la video usiku na wafikirie habari hiyo kwa nafasi yao.

Na wanaoziandika, je? Nitamtaja mmoja. Mwaka 1815 mlima Tambora, katika visiwa viitwavyo leo Indonesia, ulilipuka, na majivu yake yakaleta baridi na mvua hata Ulaya. Kiangazi cha mwaka 1816 kikawa kibaya sana. Karibu na mji wa Geneva, Waingereza wachache waliofungiwa ndani na mvua walikuwa wakisomeana hadithi za mizimu, na mshairi Byron akashauri kila mmoja atunge yake. Mmoja wao alikuwa Mary, msichana wa miaka 18, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Mary Shelley. Akatunga Frankenstein, kitabu kilichochapwa mwaka 1818: habari za mtu mwenye elimu anayeunganisha viungo vya maiti akakipa uhai kiumbe, halafu akakikimbia.

Wengi hudhani ni hadithi ya kutishia watu tu. Lakini Mary alifiwa na mama yake siku chache baada ya kuzaliwa, na mwaka 1815 alizaa mtoto wa kike kabla ya wakati, akafa. Katika daftari yake aliandika kwamba aliota mtoto yule amerudi, kwamba alikuwa amepatwa na baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, akaishi. Kisha akaamka. Mwaka uliofuata akaandika habari za maiti iliyopewa uhai! Basi wako wanaoisogelea hofu kwa sababu hofu imekwisha kuingia nyumbani mwao, nao wataka kuiangalia usoni ikiwa imefungwa kamba. Na wako ambao, kwa sababu ileile, hawawezi kuiangalia kabisa. Mama aliyezika mtoto akirudisha kitabu cha namna hii, usimwambie, “Ni hadithi tu, mama.”

Wazazi kadha wameniuliza kama kusoma vitabu vya kutisha ni dhambi. Mimi ni karani, si padre, na hilo wamwulize padre. Nasema tu kwamba Maandiko Matakatifu yenyewe hayakuogopa kututetemesha. Someni jinsi Mfalme Sauli alivyokwenda usiku kwa mwanamke wa Endori, au ule mkono usio na mtu ulioandika ukutani Belshaza alipokuwa akinywa. Kitabu kinachofurahia mateso, kinachomfanya msomaji apende mkono unaochinja, hicho ni jambo lingine. Huko ni kwa Alipio uwanjani.

Kwa watoto wadogo sina shaka. Mtoto wa miaka minne au mitano hajajenga ua wake. Kwake kilichoonekana kwenye video kimo ndani ya nyumba, chini ya kitanda. Joanne Cantor, mwalimu wa chuo kikuu huko Wisconsin, Marekani, aliwauliza wanafunzi wake kama waliwahi kutishwa na filamu au televisheni utotoni. Karibu wote walikumbuka, na wengine walikuwa bado wakisumbuliwa na hofu hiyo, watu wazima wenye ndevu. Hadithi ya bibi ni afadhali: bibi humwona mtoto usoni, akizidiwa huharakisha kumwua Shing'weng'we. Video haimwoni mtu.

Lakini katika vijiji vyetu kuna tundu kubwa zaidi katika ua, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Huko Denmark zimwi likitoka kitabuni halina pa kwenda. Kwetu lina njia. Mwaka 1995 habari za Popobawa zilienea Pemba, zikavuka hata Unguja. Watu waliacha nyumba zao, wakalala nje kwa makundi, wamekoka moto. Katika kuogopa huko mgonjwa mmoja wa akili, mgeni kutoka bara, aliuawa Unguja na watu waliodhani kwamba ndiye Popobawa mwenyewe. Na huku Usukumani nani asiyejua kilichowapata vikongwe wetu? Moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe umewachoma macho miaka hamsini mbele ya mafiga, macho yakawa mekundu, na kwa wekundu huo wameitwa wachawi, wakakatwa mapanga usiku.

Parokiani tuna kabati la vitabu vya kuazima, nami ndiye mwenye ufunguo. Kijana mmoja wa sekondari aliazima Mirathi ya Hatari, riwaya ya C. G. Mung'ong'o iliyotoka mwaka 1977, yenye habari za kijana anayerithishwa uchawi na babake. Akaimaliza upesi, akaanza kuwasomea nduguze kwa sauti jioni. Siku ya tatu bibi yake akaja ofisini, kitabu amekifunga katika upindo wa kanga.

Bibi huyu, katika kusimulia Shing'weng'we, hana mpinzani kijijini kwetu. Kwa hiyo nilishangaa. “Shikamoo, bibi. Hadithi imekuchukiza?”

“Marahaba, mwanangu. Haikunichukiza, ni nzuri. Lakini asiisome kwa sauti uani. Jirani husikia, naye hajui kwamba ni kitabu. Kule nilikoolewa walianza na maneno kama hayo, ya jioni tu, ya kuchekesha. Baadaye wakamwendea mke mwenzangu.” Akanyamaza kidogo. “Mjukuu wangu anatetemeka, anacheka. Mimi nikitetemeka, natazama mlango.”

Nilimwuliza kama nikitoe kitabu katika kabati. Akakataa. Alisema kijana asome, ila asome kimya, na mimi nimtafutie kingine cha kusoma kwa sauti. Nikampa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Jina lake linatisha, lakini ndani yake Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hatafuti mchawi; anatafuta mtu aliyeua, kwa kuuliza maswali na kupima majibu. Sasa kinasomwa uani kwa bibi yule kila jioni, na nasikia majirani huja na vigoda vyao, wakabishana nani muuaji.

Ile Mirathi ya Hatari imo katika kabati, rafu ya juu. Siku ile alipokuwa anaondoka, bibi aligeuka mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini: yule kijana aliyerithishwa, mwisho wake alikuwaje? Nikamwambia akae kwanza, maana ni habari ndefu.