Ukimya wa gari nao una bei Kariakoo

MTEJA anayeingia kwenye duka la redio za magari Gerezani au Kariakoo huwa na ombi moja: muziki upige zaidi. Muuzaji naye huwa na jibu moja: chukua amplifaya kubwa zaidi. Katika mazungumzo hayo mafupi kuna fedha inayopotea, ya mteja na, kwa maoni ya safu hii, hata ya muuzaji mwenyewe.

Wiki hii tunaangalia bidhaa inayokaa pembeni ya rafu, nyuma ya spika zenye taa za rangi: shuka na sponji za kuzuia kelele, ambazo mafundi wetu huziita saundiprufu. Swali la mfanyabiashara ni kama bidhaa hii inafaa kuwekewa mtaji. Swali la mwenye gari ni kama inafanya kazi. Huwezi kulijibu la kwanza bila kulielewa la pili.

Soko lenyewe limezaliwa na magari yaliyotumika kutoka Japani. Redio za magari hayo zilitengenezwa kupokea FM ya megahezi 76 hadi 90, wakati masafa yetu yanapanda hadi 108. Mnunuzi wa IST au Noah akilitoa gari bandarini anapata stesheni chache za chini. EFM ya 93.7 haipati. Hivyo safari ya kwanza ya gari hilo, mara nyingi kabla hata ya kubadili matairi, ni kwa fundi redio. Aliyefuata redio huondoka na spika, na aliyenunua spika hurudi baada ya mwezi kulalamika kwamba mlango unatetema.

Hapo ndipo amplifaya huuzwa. Tuifanye hesabu yake.

Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakipandi kama shilingi. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara 2 unapata desibeli 3 tu za ziada. Sikio linahitaji karibu desibeli 10 ndipo liseme sauti imekuwa mara mbili, na desibeli 10 ni nguvu mara 10. Mwenye wati 50 anayetaka kusikia maradufu anahitaji wati 500. Amplifaya nyingi za kawaida hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto, hivyo wati 500 za muziki zitadai kama kilowati 1 ngoma inapogonga, yaani zaidi ya ampea 70. Altaneta ya gari dogo, ambayo tayari inabeba taa, feni na kiyoyozi, haikujengewa mzigo huo. Ndiyo maana usiku unaona taa za mbele za baadhi ya magari zikipepesa kwa mdundo wa muziki.

Sasa angalia upande wa pili wa mizani. Gari dogo la miaka 15, likiwa kilomita 100 kwa saa kwenye barabara ya Morogoro, huwa na kelele ya desibeli 70 hivi ndani yake: injini, matairi, upepo, na vyombo vinavyogongana. Kazi ya saundiprufu iliyofanywa vizuri huishusha kelele hiyo kwa desibeli 2 au 3, pengine 5. Mteja akiambiwa namba hizo huguna. Lakini desibeli 3 za kelele iliyoondolewa zinampa nafasi ileile ambayo angeinunua kwa kuongeza amplifaya mara mbili, na ukimya hauli beteri. Muuzaji anayeweza kuieleza hesabu hii kwa dakika mbili kaunta ana bidhaa mbili za kuuza badala ya moja.

Kosa kubwa la soko letu ni kudhani saundiprufu ni kitu kimoja. Ni kazi tatu, na kila kazi ina malighafi yake.

Ya kwanza ni kutuliza bati. Mlango wa gari ni bati jembamba. Spika ikipiga, bati linaitikia kama debe. Dawa yake ni shuka ya butili, mpira mzito unaonata, yenye ngozi ya alumini juu. Bati likitetema, mpira huvutwa kati ya bati na alumini na mtetemo hugeuka joto kidogo sana. Majina makubwa duniani ni Dynamat ya Marekani na STP ya Urusi, na viwanda vya China vina majina yasiyohesabika. Bati hutetema zaidi katikati, hivyo kufunika robo hadi nusu ya eneo lake hutoa sehemu kubwa ya faida. Fundi anayebandika kila kona mpaka chuma hakionekani anamuuzia mteja shuka, hamuuzii ukimya. Jaribio ni rahisi: gonga bati kwa kifundo cha kidole kabla na baada. Likilia kama sufuria halijatulia. Likilia kama ubao, inatosha.

Ya pili ni kuzuia sauti inayopita hewani. Hapa butili haisaidii sana. Kinachotakiwa ni uzito: vinyli nzito ya kiasi cha kilo 5 kwa mita mraba, ikitandikwa juu ya sponji ili isigusane na bati moja kwa moja. Kanuni ni kwamba kuongeza uzito wa kizuizi mara mbili hupunguza sauti inayopita kwa desibeli 6 hivi, mradi hakuna tundu. Tundu dogo huharibu kazi yote, kama dirisha lililoachwa wazi kidogo.

Ya tatu ni kunyonya mwangwi ndani ya chumba, kazi ya sponji na kapeti. Ndiyo rahisi na ndiyo inayouzwa kupita uwezo wake.

Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mlipuko mara 100 kwa sekunde. Sauti ya hezi 100 ina wimbi lenye urefu wa mita 3.4, na sponji ya sentimita 1 kwa wimbi la namna hiyo ni kama haipo. Mteja anayetaka kuondoa mngurumo wa injini kwa sponji ya kubandika chini ya boneti amenunua mapambo. Kuna msaada kidogo kwa sauti kali za juu, basi.

Mngurumo wa chini una tiba nyingine, na nyingi ni za bei nafuu. Mipira ya kushikilia injini ikichoka, mtetemo hupita moja kwa moja hadi kwenye bodi na usukani. Ekzosi iliyotoboka au iliyokatwa kizuia sauti hupiga sakafu kutoka chini. Mipira ya milango iliyokauka kwa jua hupitisha upepo. Fundi mwaminifu hukagua haya matatu kabla hajakata shuka hata moja. Kwenye Hiace na Noah za zamani, ambazo injini iko chini ya viti vya mbele, aangalie pia mpira wa mfuniko wa injini; ukiwa umekufa, kelele na joto vinapanda pamoja. Hapo pasibandikwe kitu chochote ambacho hakijatengenezwa kwa joto.

Kwa nini basi muziki unabadilika sana mlango ukitengenezwa, hata kama kelele ya injini imebaki? Spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ya nyuma ikipita kwenye matundu makubwa ya bati la ndani la mlango na kukutana na ya mbele, besi zinafutana. Kiwandani matundu hayo hufunikwa kwa nailoni. Fundi wa vioo akiichana nailoni akaitupa, jambo la kila siku kwenye gereji zetu, mwenye gari hupoteza besi na kupata maji kwenye kitambaa cha mlango. Kuyaziba matundu kwa bati jembamba la alumini na shuka juu yake huifanya spika ileile ya inchi 6 na nusu isikike kama imebadilishwa. Hii ndiyo kazi yenye thamani kubwa kuliko zote kwa kila shilingi, na haimalizi hata katoni moja. Faida nyingine ni kwamba sauti inayovuja nje hupungua. Tangu Kanuni za Kelele na Mitetemo za 2015 zitungwe chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kelele si suala la ustaarabu tu.

Tuje kwenye ubora, kwa sababu hapa ndipo mtaji unapoungua. Shuka nyingi za bei ya chini si butili. Ni lami yenye karatasi ya alumini, binamu wa zile za kuzibia mapaa. Kwa macho zinafanana. Gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam, bati lake hupita nyuzi joto 60, na lami hulainika, hutoa harufu na kuteleza. Mteja aliyebandikiwa dari kwa lami atarudi, na hatarudi kununua. Mfanyabiashara apime mwenyewe kabla ya kuagiza: aibandike shuka kwenye kipande cha bati, akiweke wima juani wiki nzima, kisha anuse na kuvuta. Butili hainuki lami, hunyooka kama ubani wa kutafuna ikivutwa, na hubaki mahali pake. Akishindwa kungoja wiki, asiagize.

Jambo la pili ni moto. Kipimo cha Marekani kwa vitu vya ndani ya gari, FMVSS 302, hakiruhusu moto kutembea zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Sponji ya godoro iliyogundishwa kwa gundi ya viatu haikutengenezwa kwa kipimo hicho. Mwulize muuzaji wa jumla cheti cha kipimo hiki. Asipokielewa, umeshapata jibu.

La tatu ni maji, na hapa Jangwani hatuhitaji kufundishwa. Bonde la Msimbazi lilifurika Desemba 2011 na baadhi ya wakazi wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2018 maji yaliyakuta hata mabasi ya mwendokasi kwenye karakana yake pale pale bondeni. Gari halihitaji kuzama. Maji yakifika kizingiti cha mlango yameshaingia chini ya kapeti. Sponji ya godoro ikinywa maji hayo huyashikilia miezi, na sakafu huoza kutoka juu bila mwenyewe kujua. Mwandishi amewahi kuinua kapeti la gari lililouzwa kwake kwa sifa ya utulivu wake. Ulikuwepo kweli. Chini yake kulikuwa na godoro lililolowa na bati unaloweza kulitoboa kwa bisibisi.

Kwa sakafu inafaa sponji yenye vitundu vilivyofungwa, jamii ya ile ya malapa: ikatie kipande, kitumbukize kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi kikamue. Kisipotoa maji, nunua. Na matundu madogo yaliyo chini ya kila mlango, ambayo mvua hutokea, yasizibwe kamwe. Mafundi wanaojifunza kazi hii kwa kutazama video huyaziba wakidhani wanaongeza ukimya.

Sasa mtaji. Katoni zilinganishwe kwa mita mraba, si kwa idadi ya shuka. Mfano wa hesabu tu, si bei ya soko: katoni ya Sh 150,000 yenye shuka 10 za sentimita 40 kwa 50 ina mita mraba 2, yaani Sh 75,000 kwa mita. Katoni ya Sh 180,000 yenye shuka 10 za sentimita 50 kwa 70 ina mita 3.5, karibu Sh 51,400 kwa mita. Ya pili inaonekana ghali dukani na ndiyo rahisi. Uangalie pia unene, kwa kuwa milimita 1.5 na milimita 2 si bidhaa moja.

Kwa anayeagiza Guangzhou au Dubai kwa kontena la kuchangia, kuna jambo la usafirishaji lisilosemwa. Shuka ya butili ya milimita 2 ina kilo 3 hivi kwa mita mraba; mita 100 ni kilo 300 ndani ya nafasi ndogo sana. Wasafirishaji hutoza kwa ujazo au uzito, chochote kilicho kikubwa, mita moja ya ujazo ikihesabiwa sawa na tani moja. Butili peke yake itatozwa kwa uzito, sponji peke yake itatozwa kwa ujazo. Ukizichanganya kwenye mzigo mmoja, nafasi ya sponji hubeba uzito wa butili na gharama kwa kila kipande hushuka. Ghalani zilazwe, zisisimamishwe, na mbali na bati la paa.

Faida ya kudumu, hata hivyo, iko kwenye kazi zaidi ya bidhaa. Milango minne ni kazi ya siku moja kwa mafundi wawili. Sakafu, buti na dari ni siku mbili zaidi, maana viti vyote hutoka. Vifaa ni vichache: rola ndogo ya mkono, vibanio vya plastiki vya kufungulia paneli, kisafishio cha grisi, visu, na simu yenye programu ya kupima desibeli. Simu haitatoa namba kamili ya maabara, lakini ikiwekwa mahali pamoja, barabara ileile na mwendo uleule, tofauti ya kabla na baada inaaminika. Mpe mteja namba zote mbili kwenye risiti. Mafundi wasiotaka kupima wana sababu zao.

Gari zima likifanyiwa kazi huongezeka kilo 20 hadi 40, kiasi cha mtoto wa shule ya msingi. Kwa teksi au gari la kukodisha linalohesabu kila lita, milango pekee inatosha. Na anayefikiria kuanza asubiri masika yapite kwanza: gari lenye unyevu chini ya kapeti halibandikwi kitu, na mteja asiyekubali kuliacha likauke siku mbili arudishiwe ufunguo wake.