JOGOO, ALFAJIRI NA MISHALE YA SABABU

Wahenga walisema: jogoo liwike lisiwike, kutakucha. Kila alfajiri jogoo huwika, na jua huchomoza. Wala hakuna adhaniye kuwa sauti ya jogoo ndiyo iletayo jua. Ndani ya methali hiyo mna swali kubwa la sayansi ya jamii: mambo mawili yafuatanapo katika majibu ya hojaji, lipi ni sababu na lipi ni tokeo?

Mwanabiolojia wa Marekani, Sewall Wright, alikabiliana na swali hilo alipochunguza simbilisi, wanyama wadogo wafugwao kama sungura. Alitaka kujua mabaka ya manyoya yao yanatokana na urithi kwa kiasi gani, na mazingira kwa kiasi gani. Katika makala zake za mwaka 1920 na 1921 alichora mishale kutoka kila sababu hadi tokeo lake, akaupa kila mshale namba ya kuonyesha nguvu yake. Hapo ndipo ilipoanzia mbinu iitwayo milinganyo ya kimuundo.

Mwaka 1967 wanasosholojia Peter Blau na Otis Dudley Duncan waliitumia mbinu hiyo kwa takwimu za mwaka 1962 za wanaume wa Marekani zaidi ya 20,000, wenye umri wa miaka 20 hadi 64. Je, hadhi ya kazi ya baba huamua hadhi ya kazi ya mwanawe? Uwiano wa mambo hayo mawili ulikuwa 0.405, ambapo 1 ni kufuatana kikamilifu na 0 ni kutofuatana. Lakini uwiano huo ulipita katika njia nyingi. Nguvu ya kila njia hupatikana kwa kuzidisha namba za mishale yake:

Baba hadi mwana moja kwa moja: 0.115.
Kwa kupitia elimu ya mwana: 0.279 × 0.394 = 0.110.
Kwa kupitia kazi ya kwanza ya mwana: 0.224 × 0.281 = 0.063.
Kwa kupitia elimu, kisha kazi ya kwanza: 0.279 × 0.440 × 0.281 = 0.034.

Jumla ni 0.322. Sehemu iliyobaki, 0.083, yatokana na elimu ya baba, ambayo huambatana na kazi yake.

Hesabu hiyo fupi yatufunulia jambo zito. Njia ya moja kwa moja ni kama robo tu ya uwiano wote. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilipitia shuleni. Hata hivyo, elimu na kazi ya baba zilieleza kama asilimia 26 tu ya tofauti za elimu za wana. Shule, basi, ilikuwa mfereji wa kupitishia neema ya wazazi, na papo hapo ngazi ya kupandia mtoto wa mnyonge.

Yako pia mambo yasiyopimika kwa rula, kama vile ari ya kusoma. Dalili ya mvua ni mawingu: mtafiti huuliza maswali kadhaa, kisha hukisia jambo lililofichika kutokana na yale majibu yanayoshirikiana. Charles Spearman alianzisha njia hiyo mwaka 1904. Miaka ya 1970 Karl Jöreskog wa Sweden aliiunganisha na mishale ya Wright, na pamoja na Dag Sörbom akatengeneza programu ya kompyuta iitwayo LISREL.

Lakini kompyuta haijui jogoo wala jua. Ukiugeuza mshale kati ya mambo mawili, mara nyingi hesabu hulingana na takwimu vilevile. Blau na Duncan waliweza kuielekeza mishale yao kwa kuwa kazi ya baba hutangulia elimu ya mwana, na elimu kwa kawaida hutangulia kazi. Ujuzi huo haukutoka katika namba.

Mwalimu aweza kulianzisha somo hili kwa chaki tu. Wanafunzi na waandike ubaoni umbali wa nyumbani, mahudhurio na alama za mtihani. Wachore mishale, na kila mmoja aitetee mishale yake kwa hoja kabla ya kukusanya takwimu yoyote.