Shimo la Taka za Jikoni Lina Ufundi Wake

Siku ya mnada, pita nyuma ya vibanda vya mama lishe, iwe Nyamilangano, Ulowa au Bulungwa huku kwetu Ushetu, mkoani Shinyanga, utazame kilichomwagwa tangu alfajiri. Kuna maganda ya viazi vitamu, majani ya kabichi, vichwa vya dagaa, ukoko wa ugali uliolowekwa ili sufuria isuguike, na mchuzi uliochacha unaotafuta njia ya kuteremkia barabarani. Chutama kidogo. Juu ya ukoko nzi wamejaa. Ukiinua jani la kabichi lililoanza kulegea, chini yake utakuta vijipunje vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele, vimeshikamana kwa makundi. Hayo ni mayai, na kuna uwezekano mkubwa yametagwa siku hiyohiyo.

Jike moja la nzi wa nyumbani hutaga mpaka mayai 150 kwa mkupuo mmoja, na hurudia mara kadhaa katika maisha yake mafupi. Kwa joto la kwetu mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Mabuu hula taka hizo mbichi kwa siku 4 hadi 7, kisha hutambaa kutafuta udongo mkavu, hujifungia ndani ya ganda la kahawia, na baada ya siku chache hutoka nzi kamili. Kutoka yai mpaka nzi anayeruka, siku 7 hadi 10 zinatosha. Ndiyo maana taka zilizoachwa wazi wiki nzima huzaa nzi wapya, na zilizofukiwa kila siku huzaa wachache sana.

Nzi hana meno ya kutafuna. Akitua kwenye kipande cha kiazi hutema mate na sehemu ya alichokula awali ili kukilainisha, halafu hufyonza. Kama kituo chake cha awali kilikuwa choo kisicho na mfuniko, basi alichotema ni cha chooni, na miguu yake yenye vinyweleo imebeba kilekile. Mtu asiseme kwamba maganda ya viazi yanaleta kipindupindu. Vimelea vya kipindupindu hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, na njia yao kubwa ni maji na chakula kilichochafuliwa. Lakini lundo la taka ndilo linalomzaa na kumlisha mbebaji, hatua chache tu kutoka kwenye sahani ya mtoto. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Pakistan na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba pale nzi walipodhibitiwa, kuhara kwa watoto kulipungua kwa takriban asilimia 23. Hilo si punguzo dogo.

Mapema mwaka 2024 mkoa wa Shinyanga ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopata wagonjwa wa kipindupindu. Kampeni ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwaka 2017, ilisukuma watu kujenga vyoo bora na kunawa mikono, na ilifanya vyema. Kwa maoni yangu shimo la taka limebaki nyuma. Kaya nyingi zinalo, ila linatumika kama mahali pa kutupia tu, wakati lenyewe ni kifaa chenye namna yake ya kutumiwa na kutunzwa.

Wenzetu wa mijini huko Marekani wana mashine ya kusaga taka inayofungwa chini ya sinki. Aliyeibuni ni msanifu majengo John Hammes wa mji wa Racine, mwaka 1927. Wengi hudhani ndani yake mna visu, kumbe hamna. Kuna sahani inayozunguka kwa kasi, yenye vyuma vinavyorusha mabaki kwenye ukingo wenye meno mpaka yasagike, kisha maji ya bomba yanayasukuma kwenye mtandao wa majitaka. Hata huko haikupokelewa kote: jiji la New York liliipiga marufuku kwa miaka mingi kwa kuhofia mabomba yake ya zamani, hadi 1997. Mashine hiyo inahitaji maji mengi, umeme na bomba la majitaka linaloishia kwenye mtambo wa kusafishia. Nyumba yenye chemba yake uani ikifungwa mashine hiyo, chemba hujaa tope mapema.

Ushetu kazi hiyo hufanywa bure na bakteria na kuvu waliomo kwenye udongo. Nao wana mahitaji yao, na shimo linaloshindwa huwa limenyimwa mojawapo: chakula mchanganyiko, unyevu wa kiasi, na hewa.

Tuanze na hewa, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika zaidi. Taka zikilowa na kushindiliwa, hewa huisha, na bakteria wasiohitaji hewa huchukua nafasi. Hao hutoa gesi ya methane na ile harufu ya yai bovu. Shimo linalonuka linakuambia lina maji mengi na hewa kidogo, na kumwagia dawa hakuliponyi. Lipe kitu kikavu chenye nafasi ndani yake, uligeuze kwa uma au jembe mara moja kwa wiki. Kwa hilo tuna bahati: huku kunalimwa mpunga, na mashine za kukoboa zinaacha vilima vya maganda ya mpunga ambayo mara nyingi huishia kuchomwa moto. Maganda ya karanga yanafaa pia, na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, na majani makavu. Kila ndoo moja ya mabaki mabichi ya jikoni, weka ndoo mbili au tatu za vitu vikavu. Mabaki mabichi yana naitrojeni nyingi, makavu yana kaboni nyingi, na bakteria na kuvu hao hufanya kazi vizuri kaboni inapoizidi naitrojeni mara 25 hadi 30.

Unyevu hupimwa kwa mkono. Chukua konzi moja kutoka katikati ya shimo, ikamue. Ikidondosha matone mfululizo, imelowa mno, ongeza maganda. Ikimomonyoka kama vumbi, nyunyiza maji. Ikishikamana na kuacha kiganja kikiwa na unyevunyevu tu, iko sawa. Nawa kwa sabuni baada ya hapo.

Mambo yakienda vizuri, lundo kubwa, la kimo cha kiunoni hivi, hupata moto lenyewe. Katikati joto linaweza kupita nyuzi 55 za Selsiasi, na likikaa hapo kwa siku kadhaa huua mabuu, mayai ya minyoo na mbegu nyingi za magugu. Chomeka chuma au kijiti kirefu katikati, kiache dakika kumi, kitoe ukishike: kikiwa baridi siku chache baada ya kulijenga, kuna kitu kimepungua. Shimo dogo la kaya ya watu watano huenda lisifike joto hilo, na si vibaya. Litaoza polepole, miezi sita badala ya mitatu. Ila kufukia kila siku ndiko kunakulinda na nzi, kwa hiyo kusikosekane.

Watu wa kwetu hupenda kumwaga jivu shimoni. Konzi moja moja ni sawa, hukausha juu na kupunguza harufu. Likizidi, hupunguza kasi ya uozaji na kuipeperusha naitrojeni hewani. Na jivu lenyewe lipoe kabisa, maana kaa moja lenye moto likikutana na maganda makavu ya mpunga linaweza kufuka chini kwa chini usiku kucha.

Shimo lichimbwe kina cha mita moja hivi, si chini ya mita 30 kutoka kisimani, upande wa bondeni kuliko kisima, na lizungushiwe tuta dogo kuzuia maji ya mvua kuingia. Yachimbwe mawili: moja likijaa linafukiwa na kupumzika, la pili linaanza. Maji ya kuoshea vyombo yasiingie humo. Yaelekezwe kwenye migomba, au kwenye shimo lake lililojazwa kokoto, kwa sababu dimbwi chafu nyuma ya jiko ni mazalia ya mbu aina ya kuleksi, hao wanaotunyima usingizi.

Sasa vile visivyostahili kuingia shimoni, na hapa Ushetu ina mambo yake.

Tumbaku ni zao kubwa la halmashauri hii. Mabua na vumbi la tumbaku huweza kubeba kirusi cha batobato cha tumbaku, ambacho hukaa kwenye masalia makavu kwa muda mrefu na huweza kupona hata kwenye mboji. Ukiipeleka mboji hiyo bustanini, nyanya, pilipili na bilinganya, ambazo ni ukoo mmoja na tumbaku, zinaweza kupata ugonjwa. Mabaki ya tumbaku yawe na shimo lake, mbali na bustani. Chupa za viuatilifu vya pamba na tumbaku nazo zitobolewe na zirudishwe kwa wakala au zipelekwe anakoelekeza bwana shamba.

Mahindi na karanga zilizoota ukungu ni suala la uhai. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki kwa kula nafaka zenye sumu hiyo. Tabia ya kuwatupia kuku au kumpa ng'ombe wa maziwa nafaka mbovu ikome, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa. Zifukiwe chini kabisa, kwenye shimo la peke yake.

Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vidogo vya chumvi na mafuta bado vipo. Ng'ombe huvila kwa ajili ya ladha ya chumvi, vikajifunga tumboni, mnyama akakonda huku anakula.

Kubwa zaidi ni zebaki, ile inayotumika kukamata dhahabu. Ushetu iko karibu na Mbogwe, Bukombe na Msalala, kunakochimbwa dhahabu, na vijana wetu wengi wanafanya kazi kwa wachimbaji wadogo. Wapo wanaochoma dhahabu nyumbani, kwenye jiko la mkaa lilelile la familia. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, na hata bila moto hutoa mvuke usioonekana wala kunuka. Mvuke huo huharibu ubongo na figo, na mimba ndiyo inayoumia zaidi. Jiko, kikaango au kijiko kilichoshika zebaki kisirudi jikoni kamwe. Majivu yake yasiingie kwenye shimo la mboji, maana zebaki haiozi. Kwenye tope lisilo na hewa bakteria huweza kuigeuza kuwa aina kali zaidi. Udongo wa marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji wa dhahabu, usitumike kufukia taka. Na pipa lililobeba sayanaidi lisiwekewe maji wala makombo ya nguruwe, hata likioshwa mara mia.

Kwa wafugaji wa nguruwe, makombo ya hotelini yachemshwe nusu saa kabla ya kuwapa, kwani homa ya nguruwe husambaa kwa njia hiyo na haina tiba.

Walioweka sinki, hasa Kahama mjini, waweke chujio kwenye tundu lake. Mafuta ya kukaangia yafutwe kwa karatasi, yasimwagwe, kwa sababu hupoa na kuganda ndani ya bomba. Chemba ikiziba, mtu asishuke humo: gesi iliyomo inaweza kumwangusha kwa pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa naye akaanguka. Aitwe fundi mwenye gari la kunyonya.

Mvua zetu huanza kushika Novemba. Kabla hazijaja, chimba shimo la pili, omba magunia mawili ya maganda ya mpunga kwa mwenye mashine ya kukoboa, yaweke karibu na mlango wa jiko, na kila jioni baada ya kumwaga mabaki, funika.