Mazingira ya Mwanafunzi na Ufaulu Katika Maonesho ya Sayansi

Mazingira ya mwanafunzi ni hali anazotoka nazo nyumbani na shuleni: kipato na elimu ya wazazi, jinsia, lugha, umbali wa shule na vifaa vya kujifunzia. Programu za sayansi nje ya darasa ni pamoja na klabu, kambi na maonesho. Mfano ni Young Scientists Tanzania, iliyoanza mwaka 2011, ambapo wanafunzi wa sekondari hufanya utafiti wao na kuutetea mbele ya majaji.

Mazingira huathirije ufaulu?

(i) Muda. Mwanafunzi wa kutwa wa Pasua, mjini Moshi, anayetoka shuleni akateke maji, apike na kulea wadogo zake, hubaki na saa chache za utafiti. Mara nyingi mzigo huu humwelemea zaidi msichana.

(ii) Lugha. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaweza kulijua jibu, lakini akakwama kulieleza kwa Kiingereza.

(iii) Vifaa na mwalimu. Pasipo maabara wala mwalimu wa kumwongoza, wazo zuri huishia daftarini.

(iv) Elimu ya wazazi. Mzazi aliyesoma huzijua fursa mapema na huweza kuusoma mradi wa mwanawe.

Zingatia: uhusiano si sababu

Mambo mawili yakienda pamoja, usiharakishe kusema moja limesababisha jingine. Kusini mwa mji wa Moshi, katika eneo la umwagiliaji, watafiti walikuta mbu wengi kwenye vijiji vya mpunga, lakini malaria kidogo kuliko vijiji jirani visivyolima mpunga. Je, mbu huzuia malaria? La. Maelezo mojawapo ni kwamba mpunga uliongeza kipato, na kipato kilileta vyandarua na dawa. Kulikuwa na jambo la tatu nyuma ya pazia.

Vivyo hivyo, shule ya bweni ikishinda, huenda kilichoshinda ni muda wa jioni na maabara, si akili za wanafunzi wake. Kwa hiyo usiandike "umaskini husababisha kushindwa". Andika "umaskini huhusiana na ufaulu mdogo kwa sababu hupunguza muda na vifaa", kisha toa mfano.

Faida iliyofichika

Mazingira hayanyimi tu, hutoa pia. Anayeishi karibu na mifereji na mashamba ana maswali ya utafiti mlangoni pake: maji yapoteayo njiani, wadudu, bei ya mazao. Mradi wa namna hiyo huhitaji rula, saa, daftari na uvumilivu. Anza na ulichonacho.

Jipime

1. Eleza tofauti kati ya uhusiano na sababu kwa kutumia mfano wa mpunga.
2. Shule A imeishinda shule B. Taja mambo matatu utakayochunguza kabla ya kusema wanafunzi wa A wana akili zaidi.