Barakoa za Gesi za Vita vya Kwanza: Ipi Ilistahili Gharama Yake?

Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi zaidi ya 5,000 ya klorini. Upepo ukalibeba wingu hilo hadi kwenye mahandaki ya askari wa Ufaransa na Algeria, ambao hawakuwa na kinga yoyote. Kwa miaka mitatu iliyofuata, majeshi ya pande zote yaliagiza barakoa kwa mamilioni, yakazitupa, yakaagiza nyingine. Leo anayetafuta barakoa ya kupulizia dawa shambani, au rangi gereji, anakabiliwa na maswali yale yale, na majibu yake yalishalipiwa kwa mapafu ya watu.

Hapa nalinganisha barakoa nne kwa maswali manne. Inazuia sumu gani? Mvaaji anapumua kwa tabu kiasi gani? Inashika uso vipi? Na ikichoka, unatupa nini: yote, au sehemu tu? Swali hilo la mwisho ndilo linalomaliza pesa.

Mfuko wa flaneli wa Waingereza

Kinga ya kwanza ilikuwa vipande vya pamba vilivyolowekwa dawa na kufungwa puani. Vilikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kulegea. Cluny Macpherson, daktari wa kikosi cha Newfoundland, akabuni mfuko wa flaneli wa kufunika kichwa kizima, wenye kidirisha cha ulanga, uliolowekwa kwa haipo (hypo), chumvi ile ile waliyotumia wapiga picha kusafishia picha. Ncha za mfuko zilichomekwa ndani ya kola ya koti.

Faida yake ilikuwa kubwa: kipimo kimoja kiliwatosha wote, mwenye ndevu na mwenye bendeji kichwani. Lakini haipo ilizuia klorini, haikuzuia gesi ya fosijini. Ukaja mfuko wa pili ulioitwa P, wenye dawa ya fenati na bomba la kutolea pumzi. Desemba 1915 fosijini ikatumiwa dhidi ya Waingereza, na mapema mwaka 1916 dawa ya heksamini ikaongezwa, mfuko ukaitwa PH. Jasho na mvua viliyeyusha dawa hizo, zikatiririka machoni na kuunguza ngozi.

Sasa piga hesabu. Mifuko ya haipo ilikuwa kama milioni 2.5, ya P milioni 9, ya PH milioni 14. Hiyo ni mifuko zaidi ya milioni 25. Kila adui alipobadilisha gesi, mfuko mzima ulipitwa na wakati, kwa sababu kitambaa ndicho kilichokuwa chujio. Mmoja mmoja ulikuwa rahisi. Kwa jumla ulikuwa ghali.

M2 ya Wafaransa

Wafaransa waliingiza M2 mwaka 1916. Ilikuwa tabaka nyingi za shashi zilizolowekwa dawa mbalimbali na kushonwa pamoja kufuata umbo la uso. Ilikuwa nyepesi, ilikunjika, na askari aliweza kuivaa haraka. Zilitengenezwa karibu milioni 29.

Udhaifu wake ulikuwa wa aina mbili. Haikuwa na valvu, kwa hiyo pumzi iliingia na kutoka kupitia kitambaa kile kile. Pia ilikuwa ya kutupa yote dawa ikichoka. Wamarekani walipofika Ufaransa waliibeba kama akiba, huku barakoa ya sanduku, ya nne hapa chini, ikiwa ndiyo tegemeo. Nadhani hapo ndipo mahali pake pa haki: kinga ya dharura ya kumtoa mtu kwenye hatari, si ya kukaa nayo kazini.

Barakoa ya Wajerumani

Mwaka 1915 Wajerumani walichukua njia nyingine. Walitengeneza kipande cha uso cha kitambaa kilichopakwa mpira, na mbele yake wakaweka chujio la bati linalofungwa kwa kuzungushwa kama kizibo. Chujio likichoka, askari alifungua la zamani na kufunga jipya. Gesi ilipobadilika, kiwanda kilibadilisha kilichomo ndani ya bati tu. Richard Willstätter, aliyetunukiwa Nobeli ya kemia ya mwaka 1915, alibuni chujio la tabaka tatu lililoweza kukabili fosijini.

Hata hivyo, uso wenyewe ulikuwa na bei yake. Mzingiro wa bahari uliinyima Ujerumani mpira, na kuanzia mwaka 1917 barakoa zikashonwa kwa ngozi ya kondoo iliyotiwa mafuta. Nayo haikuwa na valvu, hivyo pumzi yenye joto na unyevu ilirudi ndani ya chujio. Usalama wote ulitegemea mshiko wa uso: ukingo ukiachia upenyo, gesi ilipita bila kugusa chujio. Ndiyo maana ilitolewa kwa vipimo tofauti, na askari alilazimika kupata kinachomkaa.

Sanduku dogo la Waingereza

Waingereza walipochoka na mifuko, mkemia Bertram Lambert na mfamasia Edward Harrison waliweka dawa ndani ya mkebe, wakauunganisha na mvaaji kwa bomba la mpira. Toleo la kwanza lilikuwa kubwa mno. La pili, la mwaka 1916, lilibebwa katika mfuko kifuani, na kufikia mwaka 1917 ndilo lililokuwa la kawaida kwa askari wa Uingereza. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 13.

Ubora wake ulikuwa kinga mbili. Pua ilibanwa kwa kibanio, na hewa iliingia kupitia kipande kilichoshikwa kwa meno. Hata kitambaa cha uso kikivuja kidogo, mapafu yalibaki salama. Pumzi ilitoka kwa valvu, bila kurudi kwenye mkebe. Mzigo wake ni kwamba kibanio kiliumiza pua, mate yalidondoka, na mvaaji hakuweza kusema vizuri. Ofisa anayetakiwa kutoa amri alilipa gharama hiyo kila dakika.

Harrison alifariki kwa nimonia tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kwisha.

Palipo na thamani: makaa

Ndani ya mikebe iliyo bora kulikuwa na makaa yaliyochomwa na kufunguliwa vitundu vidogo mno. Gramu moja ya makaa ya namna hiyo ina eneo la mamia ya mita za mraba, na molekuli za gesi hung'ang'ania humo. Nchini Urusi, Nikolai Zelinsky aliyategemea hayo tangu mwaka 1915. Wamarekani waligundua kuwa vifuu vya nazi hutoa makaa magumu na bora sana, na vilipopungua waliwaomba wananchi wakusanye kokwa za matunda: kokwa 200 za pichi kwa barakoa moja. Wakazi wa pwani yetu wanaotupa vifuu wajue kwamba hadi leo makaa yake hutafutwa kwa vichujio vya maji na hewa.

Makaa nayo yana mpaka. Mwaka 1917 Wajerumani walitumia moshi wa chembe ndogo uliopenya katikati ya punje za makaa, na ikabidi liongezwe tabaka la kunasa chembe. Mwaka huo huo ikaja gesi ya haradali, inayounguza ngozi. Italia iliitumia Ethiopia mwaka 1935 na 1936, juu ya watu ambao wengi hawakuwa na barakoa wala viatu. Hata wangepewa barakoa, ngozi yao ingebaki wazi.

Uamuzi

- Mfuko wa PH: humkaa kila mtu, lakini huunguza na hutupwa wote.
- M2: nyepesi na ya haraka; hufaa kwa dharura tu.
- Ya Kijerumani: chujio hubadilika kirahisi, lakini ukingo ukivuja, huna kinga.
- Sanduku dogo: kinga bora kwa saa nyingi, huchosha mdomo na pua.

Chaguo langu ni sanduku dogo. Lilimvumilia mtu mchovu aliyelivaa vibaya kidogo, na vitani watu huchoka. Kwa ubunifu uliodumu, Wajerumani walikuwa mbele: chujio la kuzungusha usoni ndilo barakoa nyingi za sasa zinalolifuata.

Anayenunua leo

Usinunue barakoa kuukuu ya jeshi ili uitumie. Makaa yake yamekwisha nguvu, mpira umekauka, na vichujio vingi vya zamani vina asbesto. Ni vitu vya kutazama, si vya kupumulia.

Nunua ya kisasa yenye chujio la kubadilisha. Katika mfumo wa Ulaya, mstari wa kahawia ni wa mivuke kama ya vimumunyishi, wa kijani ni wa amonia, na mweupe ni wa chembe. Anayepulizia dawa au rangi huhitaji kinga ya mvuke pamoja na ya chembe. Barakoa ya vumbi peke yake haitoshi. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyoa ndevu pale ukingo unapogusa. Ziba njia ya hewa kwa viganja na uvute pumzi: barakoa ikijibana usoni, inashika.

Usiingie nayo kwenye kisima au shimo la choo, kwa bei yoyote ile. Chujio husafisha hewa iliyopo, haliwezi kuleta oksijeni isiyokuwepo. Humo hutumika vifaa vinavyoleta hewa kutoka nje au kwenye mtungi.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji bei ya chujio la akiba, na kama lipo dukani leo. Kama halipo, tafuta barakoa nyingine, hata iwe ghali zaidi.