Ndakala wa Tanganyika: tuwajue, tuwalinde, tusigombane

Wenyeji na mliohamishwa na vita, ndakala tunakula sote. Wakikaushwa juani pale Kalemie, wanafika hata mbali na ziwa. Lakini wavu wa mmoja unaweza kumaliza chakula cha wote, na hapo ugomvi unaanza. Kwa hiyo tumeona vema tueleze jinsi samaki hawa wanavyoishi.

Wanaishi wapi?
Ndakala ni wa ukoo wa dagaa wa baharini, ingawa maji ya Tanganyika ni matamu. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini hewa ya kupumua iko katika maji ya juu tu. Chini zaidi samaki hawezi kuishi. Mchana ndakala hushuka wasionekane na mikebuka anayewala. Usiku hupanda kufuata vijidudu wanavyokula. Ndiyo sababu wavuvi huwasha taa usiku, na mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti vizuri.

Wanazaa wapi?
Aina moja, lumbu, hutaga karibu na ufuko, na watoto wake hukulia hapo penye maji mafupi. Ndakala mwenyewe hutaga katikati ya ziwa, lakini watoto wake nao husogea pwani. Maisha yake ni kama mwaka mmoja. Ukivuta chandarua cha mbu ufukoni, unavua watoto ambao hawajazaa hata mara moja.

Tufanye nini?
Tunajua kwamba aliyekimbia bila kitu hana pesa za mtumbwi wala wavu mzuri. Kumfukuza ufukoni hakumshibishi. Afadhali viongozi wa kambi, shefu wa mtaa na wavuvi wakae pamoja, wakubaliane mahali pa mazalio pasipovuliwa, na aliyehamishwa apewe nafasi katika mitumbwi au kazi ya kuanika.

Ziwa ni la nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mwaka 2003 zilitia sahihi mapatano ya kulitunza pamoja. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kama nchi zinaweza kukubaliana, mitaa miwili jirani nayo inaweza.

Tuwaache wadogo wakue, tule sote.